Nusu Kikombe cha Fundi Saa

Vidole vya Gundi havijawahi kutakata. Anavisugua kwa sabuni, kwa mchanga, kwa ganda la limau, na bado ukimpa mkono unaondoka na kipande cha uzi. Ndiyo maana wakamwita Gundi, na jina alilopewa na wazazi wake limebaki kwa mama yake tu, tena anapokasirika. Kazi yake ni kujalidi vitabu. Ana chumba nyuma ya duka la vifaa vya shule, chenye meza moja ndefu, mashine ya kukatia karatasi aliyorithi kwa baba yake, na dirisha linalotazama kichochoro. Ana miaka arobaini na sita, hajaolewa, anaishi na mama yake, na ukimwuliza habari za ndoa atakuuliza habari za kitabu ulichoazima hujarudisha.

Siku za kazi anashona madaftari ya mahudhurio, ripoti za maofisi na kamusi zilizochoka. Lakini Jumamosi alasiri meza inafutwa kwa ajili ya katuni. Watu wanne wazima, wenye akili zao timamu, huizunguka meza ile na kubishana juu ya watu waliochorwa kwa wino. Kuna Mwalimu wa hesabu aliyestaafu, ambaye hajawahi kutoa maoni yakaisha chini ya robo saa. Kuna Kinyozi wa mtaa wa pili, anayesoma katuni kwa kuanzia kwenye nywele. Kuna Nesi wa zahanati, mjane, anayeongea kidogo na kucheka kwa mabega. Na yupo Gundi mwenyewe.

Hadithi zenyewe huwafikia vipande vipande, zikichanwa kwenye magazeti, na Gundi ndiye anayezikusanya na kuzijalidi ziwe juzuu moja. Desturi yao ni hii: mwisho wa kila juzuu hushonewa karatasi nne tupu, na kila aliyesoma lazima aandike maoni yake hapo. Huandika kwa penseli, maana mtu ana haki ya kubadili mawazo. Kwenye juzuu ya jambazi mmoja Kinyozi aliandika: "Katoroka jela miezi sita, anaishi pangoni, na bado kachongwa pembeni vizuri. Nani anamnyoa?" Chini yake Mwalimu akaandika: "Sitini kwa mia. Mchoraji arudie miguu ya farasi." Gundi peke yake hakuwahi kuandika. Akibanwa husema maoni yake ni mshono.

Sasa, katika juzuu zote za kabatini, iliyopendwa kupita zote ilikuwa ya Fundi Saa. Ni hadithi ya mzee anayetengeneza saa za mtaa mzima, mke wake, na binti yao. Kinyozi ndiye aliyeichana wiki baada ya wiki kutoka kwenye magazeti ya wateja wake, akamletea Gundi rundo lililojaa nywele. Gundi akalijalidi, na tangu hapo, miaka minne, wamekuwa wakibishania mahali pamoja tu.

Mahali penyewe ni karibu na mwisho. Fundi Saa anazikwa. Mkewe anarudi nyumbani, anakuta kikombe kilichobaki nusu, anakinywa, anakiosha na kukifunika rafuni. Sura inayofuata, unamkuta Fundi Saa kaketi mezani mzima wa afya. Mkewe anammiminia chai, mzee anakunywa nusu, anavaa koti na kusema, "Nyingine nitaimalizia nikirudi." Anatoka, mlango unafungwa. Sura ya mwisho, binti anafungua duka la baba yake.

Mwalimu alikuwa na nadharia yake. Fundi Saa, alisema, ameurudisha muda nyuma kwa mikono yake, mara moja tu, ili aje kumuaga mke. Aliandika juu ya jambo hilo kurasa kumi na moja, zenye mchoro wa duara na mishale. Kinyozi alikuwa na neno moja tu la kupinga. "Mwalimu, maiti ana ndevu za siku mbili. Huyu aliyerudi ana za siku moja. Mzimu kapata wapi wembe?" Walimcheka mpaka machozi yakawatoka. Nesi hakubishana. Kwenye karatasi za nyuma aliandika mstari mmoja: "Mimi namwamini. Alirudi." Mume wake alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, ghafla, mchana, yeye akiwa kazini anawachoma wengine sindano. Kila mwaka ikifika tarehe ile aliiazima juzuu ya Fundi Saa, akakaa nayo siku moja, akairudisha imefungwa kwenye kitambaa safi.

Basi Jumatatu moja Mwalimu akaingia anahema, kabeba boksi. Kuna familia ilikuwa inahama, na yeye kaokota kwao magazeti mazima mazima, hayajachanwa, Fundi Saa wote tangu toleo la kwanza.

"Utajalidi ya pili," alisema. "Tunaipeleka maktaba ya umma. Na insha yangu iwe mbele, kama utangulizi. Jumamosi tuikabidhi kwanza hapa mezani."

"Kurasa zote kumi na moja?"

"Nimeongeza. Sasa ni kumi na nne."

Jumanne asubuhi Gundi akaketi kuyafumua magazeti. Alifanya alivyofundishwa na baba yake, anahesabu, anapanga, anahesabu tena. Alipofika toleo la thelathini na moja akaona Fundi Saa anakunywa chai. Akafungua thelathini na mbili, akaona mazishi. Akadhani kakosea kuangalia. Akarudia, akaweka kidole juu ya namba, na namba haikubadilika. Akaitoa juzuu ya kabatini na kuilaza pembeni. Humo mazishi yalitangulia, chai ikafuata.

Akakumbuka yote, kama jana. Sura mbili katika rundo la Kinyozi zilikuwa zimelowa mafuta ya nywele, akazitenga, akazinyunyizia unga unyonye mafuta, akazianika dirishani. Pambizo zake zilikuwa zimechakaa, akazikata, na namba za kurasa zikaenda na pambizo. Baadaye akazirudisha kwenye rundo, ya pili mbele, ya kwanza nyuma, akashona, akapaka gundi, akajisifu. Fundi Saa hakuwahi kurudisha muda wala nini. Kilichomrudisha yule mzee ni uzembe wa Gundi.

Angecheka, maana kurasa kumi na nne za Mwalimu zilistahili kuchekwa. Lakini aliukumbuka ule mstari wa Nesi, akayafunika magazeti.

Nyumbani mama yake aliiona hali yake, akamhoji mpaka akasema.

"Sasa wewe umeua mtu?" mama aliuliza.

"Ndiyo, mama. Nitamuua mara ya pili. Dada Nesi anaamini yule mzee alirudi. Nikisema ukweli, narudi kumzika."

"Basi nyamaza. Shona ya pili kama ya kwanza. Nani atajua?"

Hapo ndipo palipomuuma, kwa sababu kweli hakuna ambaye angejua. Mwalimu mwenyewe alikuwa ameyaleta magazeti bila kuyafungua, kwa vile hadithi alishaikariri. Jumatano Gundi akazipanga sura kinyume kwa makusudi, akatunga uzi kwenye sindano, akatoboa tundu la kwanza. Mkono ukakataa. Akaweka sindano chini, akaishika tena, akaiweka. Tangu utoto hakuwahi kushona kitu anachojua kimepinda, na baba yake alimwachia mashine ile kwa sababu hiyo moja. Upande wa pili ulikuwa na Nesi na kitambaa chake safi. Alikaa hapo mpaka fundi viatu wa kichochoroni akafunga kibanda chake, na hakuwa ameshona hata tundu moja.

Jumamosi walikuja wote, Kinyozi na karanga zake, Mwalimu kavaa tai. Mezani palikuwa na juzuu ya zamani, na pembeni yake rundo la karatasi ambalo halijashonwa. Gundi hakungoja watu wakae. Alijua akingoja atakosa ujasiri.

"Nilikosea," alisema. "Miaka minne iliyopita. Sura ya mazishi niliitanguliza, ya chai nikaiweka nyuma. Mzee hakurudi. Alikunywa chai, akatoka, akafa. Ndivyo ilivyochorwa. Nisameheni. Dada, nisamehe wewe zaidi."

Kinyozi ndiye aliyepata sauti kwanza, na alipiga meza hadi karanga zikaruka. "Ndevu! Si nilisema? Mkanicheka! Miaka minne mnanicheka!"

Mwalimu aliivuta insha yake kifuani kama mtu anayezuia mtoto asivuke barabara. "Haiwezekani. Nina mchoro." Akayachukua magazeti, akasoma namba, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Kisha akakaa bila kusema neno, na watu waliomjua wangeita daktari.

Nesi alikuwa hajasogea. Gundi hakuweza kumtazama usoni, akawa anatazama mikono yake iliyolala juu ya mkoba.

"Nipe nizisome," Nesi alisema mwishowe. "Kwa mpangilio wake."

Akazisoma polepole, karatasi kwa karatasi, na hakuna aliyethubutu kutafuna. Fundi Saa anamiminiwa chai. Anakunywa nusu. "Nyingine nitaimalizia nikirudi." Anatoka. Nesi akageuza. Mazishi, watu, mvua. Mke anarudi nyumbani, anakikuta kikombe mezani. Anakinywa, anakiosha, anakifunika. Nesi akarudi nyuma kwenye chai, akaenda tena mbele kwenye kikombe. Alifanya hivyo mara tatu.

"Kumbe ile nusu ni ya mumewe," alisema. "Ile anayoinywa. Mimi sikuwahi kuielewa. Nilikuwa naona kikombe kimebaki nusu tu, sijui kimetoka wapi."

"Hata mimi," alisema Kinyozi kwa sauti ya chini.

Nesi akaweka karatasi mezani, akazilinganisha kingo zake kwa viganja. Macho yalikuwa yamemjaa, lakini sauti ilikuwa ileile anayotumia kuwapa wagonjwa majibu ya vipimo.

"Siku ile niliamka kwa zamu ya asubuhi. Yeye hakuwa na kazi, angeweza kulala. Akaamka kunichemshia chai. Nikamwambia nimechelewa, akasema kunywa hata nusu. Nikanywa nusu nimesimama. Akanishikia mkoba, akanifungulia mlango." Akafuta macho. "Nimekaa miaka mitano nasema hatukuagana. Namsubiri aje aniage, mpaka nikamtafuta kwenye katuni. Na tulishaagana, jamani. Tuliagana asubuhi, kwa chai. Mimi nilikuwa naitafuta kwaheri baada ya kifo, na yenyewe ilikuwa kabla."

Alilia, na hawakumzuia. Kinyozi alimsogezea karanga, maana hakujua cha kusogeza kingine. Gundi alilia pia, kwa aibu na kwa nafuu, zote mbili kwa pamoja. Nesi akamshika kidole kimoja chenye gundi.

"Mdogo wangu, wala usifikiri umeniibia. Miaka ile minne nilihitaji arudi, ukanirudishia. Leo umeniambia ukweli, na huu nauhitaji zaidi. Ile ya zamani usiifumue. Hii mpya ishone sawasawa."

"Na insha?" Mwalimu aliuliza, kinyonge.

"Insha iende," Nesi alisema, na mabega yakaanza kutikisika. "Lakini nyuma, kwenye maoni. Kwa penseli."

Hata Mwalimu alicheka, ingawa alichelewa. Gundi alishona palepale mbele yao, jioni ikiwa bado haijaingia, chai kwanza na mazishi baadaye, akihesabu kwa sauti nao wakihesabu naye. Alipomaliza kushonea karatasi nne tupu, Nesi aliifungua juzuu ya zamani, akaufuta ule mstari wake taratibu, akapuliza vumbi la kifutio. Kisha akampa Gundi penseli.

"Leo na wewe uandike. Mshono wako umeshasema uongo mara moja, hatuuamini tena."

Walicheka wote, na Gundi akainama juu ya juzuu mpya. Aliandika polepole, mwandiko wa mtu asiyezoea: "Sura mbili karibu na mwisho niliwahi kuzigeuza kwa bahati mbaya. Humu zimekaa sawa. Msomaji, ukifika kwenye kikombe, rudi nyuma uitazame chai."

Nesi akaipokea penseli. Chini yake akaandika: "Mimi nimerudi, nikaiona."