Jina la Mtoto wa Pili

Kwetu Wanande mtoto anazaliwa akikuta jina linamngoja. Mvulana wa kwanza ana lake, wa pili ana lake. Ukitaja jina lako, Mnande yeyote anajua wangapi walikutangulia kunyonya.

Mwaka ule waasi walioushika mji wetu wa Butembo waliamuru vijana wote wajiandikishe kwenye bureau, ofisi ya mtaa, ili waitwe vita vikisogea. Mama alikuwa ameshampandisha kaka yangu mkubwa hadi kijiji cha Kipese, akajifiche katika mashamba ya viazi. Mimi niliyebaki aliniambia, "Utasema uko mutoto-mume peke yako. Pengine batatuachia ule mumoja."

Bulengera, kwenye bureau, kulikuwa na ukungu. Mstari wa vijana ulipinda hadi barabarani, na nyuma yangu jirani zetu wawili walikuwa wakitaniana.

"Weye na ile miguu ya kuku? Bunduki ndiyo itakubeba."

"Nyamaza. Utakimbia wa kwanza, mama yako atakukuta jikoni."

Walicheka kidogo, wakaacha. Karani alikuwa Mnande, mzee wa makamo. Kando yake alikaa askari wa mbali, anayesema Lingala. Nilitaja jina langu. Kalamu ikasimama.

"Mukubwa yako iko wapi?"

"Niko peke yangu, papa."

"Jina hii haiko ya mutoto wa kwanza."

Askari akainua kichwa. 

"Alikufa," nikasema.

Karani alinitazama machoni. Kisha akasema kwa sauti, ili askari asikie, "Pole, mwanangu," akaandika.

Sikuweza kwenda nyumbani moja kwa moja. Nilizunguka mtaa wa Mususa, nikipita karakana za maseremala bila kuziona, hadi mvua ikanirudisha. Nilipofika, uani kulikuwa na kuni na unga vilivyoletwa na majirani. Wale wawili wa kwenye mstari walikuwa wametangulia na habari. Wanawake walijaa sebuleni, na katikati yao mama alikuwa chini kwenye mkeka, kitambaa kimemdondoka kichwani, analia kwa sauti nisiyoijua.

Nikapiga magoti, nikamnong'oneza sikioni, "Iko muzima, mama. Ni mimi nilisema vile ku bureau."

Akanishika mkono, kucha zikaniingia. Alinyamaza kwa pumzi moja. Halafu, kwa kuwa watu walikuwa bado wanaingia mlangoni, na hatukujua yupi kati yao angeripoti, akaanza tena kumlilia mwanawe.