Mgongo Wangu na Sifa ya Mume Wangu

Nilipoolewa Bariadi nilikuwa mwembamba. Baada ya watoto wanne nikanenepa, na mama mkwe akawa anatembea kifua mbele sokoni, maana mke mnene ni ushahidi kwamba mwanawe anajua kutunza. Mgongo wangu hakuna aliyeuulizia. Ulikuwa unauma chini kabisa, karibu na nyonga, mwaka wa tatu sasa, na asubuhi nilishuka kitandani kwa kutambaa.

Tabibu wa zahanati aliniambia mwili ukipungua, huenda mgongo ukapata nafuu. Mzani wake ulikuwa wa watoto wachanga tu, akanituma kwa mnunuzi wa pamba. Ndiyo miaka ile wanunuzi binafsi walipoingia, kila mmoja na mzani wake chini ya turubai. Nilipimwa katikati ya magunia, wanaume wakicheka mpaka machozi, nami nikatamani kuwazaba vibao mmoja mmoja. Lakini kilo zangu nilizijua. Nikaacha maziwa ya jioni, nikapunguza ugali, nikawa natembea kila alfajiri.

Palizi ilipofika nguo zilikuwa zinanipwaya na maumivu yamepoa. Niliinama na jembe toka asubuhi hadi jua la mchana. Nilifurahi mno, nikaimba shambani peke yangu.

Wakati huo mume wangu alikuwa anapeleka ng'ombe Mwanza kuuza, analala huko hata wiki nzima. Watu wakajumlisha wenyewe: mume wa safari, mke anakonda, basi ni ukimwi. Jirani yangu akaacha kunywa maji kwangu. Nilieleza habari za tabibu, wakanitazama kwa huruma. Huruma ile inanichefua mpaka leo.

Siku moja mama mkwe akaja na kibuyu cha maziwa na bakuli la samli. Mume wangu akasimama mlangoni.

"Kula, mayu, kula mama," mama mkwe alisema. "Watu wanamkimbia mwanangu."

Nikamwambia mume wangu kwamba nikinenepa tena mgongo utarudi vilevile.

"Mgongo hauonekani," akajibu.

Nikala. Nilikula kwa hasira, siku baada ya siku, wao wakihesabu matonge. Msimu uliofuata nilipalilia pamba nikiwa nimekaa chini, najisogeza kwa makalio mstari hadi mstari, na waliopita njiani walisimama kunisifu jinsi nilivyonawiri.