Adabu ya Subilaga

Watu wanadhani kazi ya matroni ni kupika uji na kukagua mashuka. Waache wadhani. Katika shule ile ya bweni ya wasichana, nje kidogo ya Mbugani, kazi kubwa ya Tulinagwe ilikuwa vilio. Kila Januari, wazazi wakishapanda bodaboda kurudi Busale na kwingineko, vilio vilianza bwenini kimoja kimoja mpaka vikawa kwaya nzima. Tulinagwe hakubembeleza mtu. Aliwapa nyungo. Kila mgeni alikaa na mwenyeji wake, ungo katikati, wachambue mchele wa kesho. Mikono ikishughulika, alisema, mdomo hufunguka wenyewe, na mtoto akishaanza kumsengenya mwalimu kwa mwenzake, huyo si mgeni tena.

Wakimaliza, aliwapa wosia uleule wa kila mwaka: "Adabu mliyofundishwa nyumbani, msiiache getini."

Mwaka huu aliletwa Subilaga, wa darasa la sita, kutoka Mwaya. Mama yake alifika naye mvua ikinyesha, akasema baba wa mtoto yuko safarini, akaondoka bila kugeuka nyuma. Mama asiyegeuka nyuma ana haraka au ana hofu. Tulinagwe aliliona hilo, akalipuuza. Siku hiyo vilio vilikuwa vingi.

Subilaga hakulia. Aliamka kabla ya kengele akafagia uwanja. Alipopeleka maji kwa wapishi alipiga magoti na kuyatoa kwa mikono miwili, macho chini. Tulinagwe akafurahi, tena akamtangaza: "Jifunzeni kwa mwenzenu!" Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini nani hukumbuka methali siku anayosaidiwa kazi?

Jumamosi ya kwanza alikuja mzee Andongwisye, mzee wa kanisa na muuzaji wa mchele wa shule. Kama kawaida, guta lake la matairi matatu lilisimama getini na wasichana wakaanza kubeba mchele kwa mabeseni hadi stoo. Wote walikuwa na vichwa vilivyonyolewa, wote wamejifunga khanga juu ya sare. Mzee, ambaye macho yake hayakuwa mazuri tena, alikuwa akipita katikati yao kama mtu apitaye kati ya kuku.

Subilaga alimwona. Akatua beseni, akaiacha njia, akaingia migombani, akachutama na kujifunika khanga gubigubi, mgongo kwa mzee.

Wenzake walicheka. Tulinagwe alijua anachokiona. Kwa Wanyakyusa wa zamani, na kwa wa leo ambao hawapendi kukiri kuwa bado wanafanya, mkamwana hakutani na baba mkwe. Hamtazami, hataji jina lake, akimwona njiani anampisha na kujificha. Tulinagwe mwenyewe aliwahi kulala kifudifudi kwenye jaruba la mpunga, matope mpaka masikioni, huku baba mkwe wake akizungumza habari za ndizi na jirani pale juu ya tuta. Lakini yeye alikuwa mke wa mtu. Huyu alikuwa mtoto wa darasa la sita.

Mzee naye alisimama. Mtoto asingejificha, mzee angempita asimjue. Akaitazama ile khanga migombani, akatabasamu polepole.

"Yule ni wa nani, Mama Tuntufye?" akamwuliza Tulinagwe.

"Yule, baba? Anaogopa guta. Si unawajua wageni."

"Haogopi guta," alisema mzee kwa upole. "Ana adabu."

Upole ule ndio uliomtisha Tulinagwe. Mzee angefoka, angalau yeye angejua pa kumshika.

Mzee alipoondoka, Tulinagwe alikaa na mtoto peke yao, ungo katikati.

"Mwanangu, yule mzee anaitwa nani?"

Subilaga alitikisa kichwa. "Siruhusiwi kumtaja."

"Ng'ombe wamefika kwenu?"

"Wamefika," akasema, na hapo uso wake ukachangamka kama mtoto yeyote. "Mmoja ana ndama."

Mengine yalitoka taratibu. Baba yake, Hezroni, alishapokea mahari. Mpunga ukivunwa, angepelekwa kwa mwana wa mzee yule. Mama yake alikuwa amemdanganya baba kwamba mtoto yuko Tukuyu kwa shangazi, kumbe amemficha shuleni. Masikini mama yule! Katika wauza mchele wote wa Kyela, shule ilikuwa ikinunua kwa huyohuyo aliyekimbiwa.

Tulinagwe aliumia kwa hasira, na sehemu ya hasira ile ilikuwa juu yake mwenyewe. Nani aliyemwambia mtoto asiiache adabu getini?

Mwalimu mkuu, Beatrice, aliwapigia simu watu wa ustawi wa jamii mara moja. Ofisa akajibu kwamba barabara ya huko aliko imejaa maji. Angejitahidi, lakini asitegemewe wiki hiyo.

"Basi tumfiche mtoto, mzee akija tena," alisema Tulinagwe.

"Ukimficha umemwonyesha, mama. Hana uhakika bado. Mzee wa kanisa hawezi kwenda kumshtaki Hezroni kwa kukisia, akikosea ataaibika. Na sura hajawahi kuiona, si ndiyo mila? Apite kama wenzake."

Ikawa wiki ya mafunzo. Nyuma ya jiko Tulinagwe alishika fimbo, akakunja mgongo, akajifanya mzee. Subilaga alitakiwa kupita na beseni, shingo wima, aseme, "Shikamoo, babu." Kila mara magoti yalimkatika kabla ya neno kutoka. Alilia kwa aibu, akauliza kama ng'ombe wa kwao hawatakufa akimtazama. Tulinagwe akasema hawatapatwa na kitu. Hakuwa na uhakika. Alimwambia hivyo hivyo. Ijumaa mtoto akasimama wima hadi mwisho.

Jumamosi wingu jeusi lilishuka kutoka milima ya Livingstone, likalifunika ziwa. Guta lilipoingia, Tulinagwe aliona mwavuli juu ya magunia, na chini ya mwavuli mwanamke mzee. Mila humzuia baba mkwe kuiona sura ya mkamwana. Haimzuii mke wake.

Wasichana walianza kupita. Mzee hakuwatazama, alimtazama mkewe, na mkewe aliwatazama wao, mmoja mmoja. Subilaga akaja na beseni la bluu kichwani. Midomo ilimcheza, lakini shingo ilikuwa wima.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu," alijibu mzee, bila hata kugeuza kichwa.

Mabeseni yalipokwisha, aliuliza, "Haya?"

"Hayupo," alisema mkewe.

"Umetazama sawasawa?"

"Nimezaa na kulea, nitashindwa kumtambua mtoto? Hayupo. Twende, mvua hiyo."

Mwanamke aliposhuka kuaga alimshika Tulinagwe mikono yote miwili. "Ndaga fijo, mama," alishukuru kwa sauti, halafu akasogea karibu. "Ni yule wa beseni la bluu. Mimi ndiye niliyekwenda kwao kumtazama, na mimi niliolewa nikiwa hivyohivyo. Lakini wiki hii mume wangu alishakwenda kwa Hezroni kumwuliza binti yuko wapi, na Hezroni ameshapiga simu Tukuyu, akaambiwa hayupo. Kesho anakuja hapa mwenyewe. Baba hahitaji kuonyeshwa mwanawe. Mwondoe leo."

Akapanda magunia yake, akafungua mwavuli, hakutazama nyuma.

Tulinagwe na Mwalimu Beatrice hawakubishana. Waliamua kumpeleka polisi, dawati la jinsia, kabla maji hayajaikata barabara. Baada ya hapo, pengine nyumba salama Mbeya mjini, pengine mbali zaidi, hakuna aliyejua. Matone ya kwanza yalikuwa yameanza kupiga bati Tulinagwe alipoingia bwenini.

Subilaga alikuwa amekaa kitandani katikati ya wenzake, akiigiza jinsi mwalimu wa hisabati anavyopiga chafya, na wote walikuwa wamekufa kwa kicheko. Tulinagwe hakuwahi kuyaona meno ya mtoto yule kabla ya siku hiyo. Alisimama mlangoni, akatamani ulimi wake uwe mzito.

"Funga sanduku lako, mwanangu. Tunaondoka."

Kicheko kikakatika. Subilaga akamtazama, safari hii usoni kabisa.

"Lakini mama," alisema, "mimi nimeshazoea."