Mita sitini na tatu za Verlyn Dostal

Saa mbili asubuhi, Alhamisi, Verlyn Dostal amesimama kando ya uwanja wa mbio za nyika wa Chuo cha Ansgar na gurudumu la kupimia begani, anasubiri jalidi iyeyuke. Nyasi zote ni nyeupe. Mkono mmoja ameuingiza mfukoni, mwingine umeshika kikombe cha kahawa.

"Gurudumu linateleza kwenye jalidi," anasema. "Likiteleza halizunguki, na lisipozunguka halihesabu. Nina haraka gani? Miaka minane nimesubiri, nusu saa itanishinda?"

Verlyn ana umri wa miaka 66. Kwa miaka 31 amekuwa mtunza viwanja wa chuo hiki, hapa kwetu Tabor Grove, Iowa. Analipwa dola 19 kwa saa. Anakata nyasi, anachora mistari ya soka, anaondoa theluji kwenye njia za mabweni, na Desemba hii anastaafu.

Leo ni mara yake ya nne kuipima njia ya kilomita sita ya wanawake. Jumamosi Ligi ya Mito Mitatu inafanya hapa mashindano yake ya mwaka. Ni ligi ya vyuo vidogo vya binafsi, chuo kikubwa kuliko vyote kina wanafunzi elfu moja na mia nane, na hakuna anayelipiwa ada kwa sababu ya miguu yake. Wanakimbia kwa kupenda tu, halafu Jumatatu wanarudi kwenye mtihani wa kemia. Wengi hawatakuwa na kumbukumbu nyingine ya ujana wao wa mbio ila jina na muda ulioandikwa katika kitabu cha ligi.

Ndiyo maana jambo la miaka minane iliyopita halijasahaulika.

Mwaka ule Verlyn aliipima njia mwezi Agosti. Shamba la jirani, Leland Kucera, linaingia kama ulimi ndani ya ardhi ya chuo, na Agosti mahindi yalikuwa yamempita kimo. Kwa hiyo aliyazunguka, akaandika namba zake, akaenda zake. Oktoba Leland akavuna. Ijumaa ya kuamkia mashindano, Verlyn alifika pale na mzigo wa bendera akakuta uwanda mtupu.

"Nilichomeka bendera pale macho yaliponipeleka," anasema. "Moja kwa moja. Sikukumbuka kabisa kwamba nilipopima palikuwa na ukuta wa mahindi. Mtu aliyezaliwa Iowa anasahau mahindi! Hebu nieleze wewe."

Njia ilipungua mita 63. Wanaume walipita kona hiyo mara mbili, kwa hiyo yao ilikuwa mbaya zaidi. Kila mtu alikimbia vizuri kuliko alivyowahi kukimbia maishani mwake, vyuo tisa vikarudi nyumbani vikiimba kwenye mabasi. Jumatatu kocha mmoja mwenye mashaka akaja na utepe wa chuma wa kupimia. Ligi ikaacha washindi kama walivyo, lakini muda wa wakimbiaji wote ikaufuta.

Hakuna aliyemfukuza kazi. Adhabu yake ilikuwa Leland, ambaye tangu siku ile hamwiti kwa jina lake.

"Sitini na Tatu!" anaita asubuhi hii kutoka juu ya trekta, mahindi yake yakiwa yamevunwa wiki iliyopita. "Umeniona leo, au bado unadhani mimi ni mhindi?"

"Nakuona, Leland. Mhindi una faida, wewe una mdomo tu."

"Pima vizuri bwana. Mara hii ukikosea nahama mji, sitaki tena kuitwa jirani yako."

Verlyn anacheka. Lakini mtu mmoja hakuwahi kumtania, na huyo ndiye aliyemnyima usingizi.

Britta Haugen alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa Chuo cha Norrland, Wisconsin. Alishinda mbio zile kwa dakika 20 na sekunde 51. Rekodi ya ligi ilikuwa dakika 21 na sekunde 9. Walimbeba juu juu, mama yake akalia. Siku mbili baadaye muda wake haukuwepo tena, na nafasi nyingine hakuipata, kwa sababu alikuwa amefika mwisho wa masomo.

Kwa mwendo aliokwenda siku ile, mita 63 zingemchukua sekunde 13. Yaani angemaliza kwa dakika 21 na sekunde 4, na rekodi ingekuwa yake vilevile. Hesabu ni nyepesi, mtoto wa darasa la tano anaiweza. Lakini kitabu cha ligi hakipokei hesabu za meza ya jikoni.

"Kila mwaka alikuja hapa na timu yake kwa mbio zetu ndogo za Septemba," anasema Verlyn, maana Britta sasa ni kocha wa Norrland. "Na kila mwaka mimi niliona kuna bomba la kutengeneza upande wa pili wa chuo. Sikuwa na uso wa kumtazama."

Mashindano ya ligi huzunguka kwa zamu, na zamu ya Ansgar ilikuwa irudi mwakani, Verlyn akiwa ameshastaafu. Kisha majira ya kuchipua yaliyopita chuo kimoja cha upande wa Minnesota kikafunga milango kabisa, kama vinavyofunga siku hizi. Vyuo tisa vikawa vinane, na zamu ikasogea. Verlyn anasema aliposikia alikihurumia chuo kile kwa dhati, halafu akaenda kutia mafuta gurudumu lake.

Safari hii hakutegemea macho. Amepigilia vigingi vya chuma 41, kimoja kila mahali njia inapopinda, vichwa vimezama chini ya nyasi ili visimkwaze mtu. Mahindi yawepo yasiwepo, kona iko palepale. Ikifika saa tatu jalidi imeyeyuka. Anapima. Namba inasoma 6,003. Anaipima tena tangu mwanzo, inasoma 6,003.

Ijumaa alasiri basi dogo la Norrland linaingia. Wasichana wanashuka wakijinyoosha, na kocha wao, mwanamke mrefu mwenye kofia ya sufu, anakuja moja kwa moja. Verlyn mara hii hana bomba la kutengeneza.

"Mzee Dostal."

"Kocha Haugen."

"Nionyeshe kona."

Wanatembea hadi kwenye mabua makavu ya Leland. Verlyn anapiga goti, anafunua nyasi, anaonyesha kigingi. Britta anakikanyaga kwa mguu mmoja.

"Bado sekunde tano zilikuwa zangu," anasema. "Hata ungeipima sawa."

"Najua. Nimepiga hiyo hesabu usiku mwingi. Samahani, binti yangu. Ningesema siku ileile, nikaona aibu, aibu ikazoea kukaa."

Britta anatazama shamba. "Mimi nilidhani hujali. Kumbe ulikuwa unanikimbia?"

"Kila mwaka."

"Na kwa umri wako. Ungejiunga na timu."

Jumamosi saa tano wasichana 74 wanaondoka. Upepo hakuna, ardhi imekauka vizuri. Kilomita ya nne, msichana wa Norrland, Maeve Tollefson, anakata kona ya mahindi peke yake mbele ya wenzake. Anamaliza kwa dakika 21 na sekunde 7.

Rekodi. Lakini hakuna anayeimba. Macho ya makocha wanane yanamgeukia mtu mmoja mwenye koti la kazi.

Mwamuzi mkuu, Orrin Teague, anachukua gurudumu lake mwenyewe na utepe wa chuma. "Sikushuku, Verlyn," anasema. "Ila mara ile ilikuwa hapahapa."

"Pima bwana. Mimi nitakaa."

Amekaa kweli, juu ya ndoo ya rangi, dakika hamsini, akila mkate wa nyama uliopoa bila kujua anakula nini. Maeve amejifunika blanketi. Leland ameegemea uzio, anamfuata Teague kwa macho.

Teague anarudi akiandika. "Elfu sita na tatu," anasema. "Muda wake ni halali."

Wasichana wa Norrland wanapiga kelele, Maeve anaangukiwa na timu nzima. Leland anavuka uzio na kumshika Verlyn bega. "Kazi nzuri, Verlyn," anasema, kwa jina lake kabisa.

Britta anasubiri watu wapungue, kisha anakuja.

"Bado ningemshinda kwa sekunde tatu," anasema.

"Ungemshinda."

"Usimwambie." Anafuta macho kwa kofia. "Nilikuja na gurudumu langu jana. Liko ndani ya basi. Nilikuwa niipime mwenyewe usipoangalia, halafu nikaona vile vigingi, nikaliacha." Anakohoa. "Mwakani zamu ni yetu. Njoo utupimie."

"Mwakani nitakuwa mstaafu."

"Ndiyo maana nakuomba wewe, siombi chuo."

Verlyn anavua glovu moja, anaivaa tena. Mtu huyu aliyejificha nyuma ya mabomba kwa miaka saba sasa anatazamwa usoni na hana pa kwenda.

"Uwanja wenu umepakana na nini?" anauliza.

"Mahindi. Pande tatu."

"Basi nitakuja Oktoba," anasema Verlyn, "yakishavunwa."