Alama Nilizompa Zaina

Jamani, hili nalisimulia huku nimejifunika uso kwa mtandio, maana mwalimu mzima mimi nilitoka Mbale nikaenda Jinja kujiaibisha mbele ya watu. Nilikuwa nimeteuliwa kwa mara ya kwanza kupima ikisiri za mkutano wa mambo ya vijijini (ikisiri ni ule ufupisho wa utafiti, nusu ukurasa tu, hauna jina, una namba), na kwa furaha niliyokuwa nayo nilishona hadi gauni jipya.

Sasa Zaina, mwanafunzi wangu wa zamani, alikuwa ameniambia ametuma ya kwake, na akikataliwa basi tena, anaacha utafiti arudi kusimamia duka la baba yake. Nilipofika namba tisa, ya wanawake wanaokausha samaki kule Wanyange kando ya ziwa, moyo ukaniruka: Zaina si mzaliwa wa Wanyange? Kanuni inasema ukimtambua mwenye kazi, rudisha karatasi. Mimi nikasema nani atajua, nikampa tisa kwa kumi. Namba kumi na mbili, ya kahawa ya kina mama wa milimani kwetu, nikaitupia mbili na kuandika, "Mwandishi huyu Mbale anaisikia redioni."

Kikaoni wenzangu wawili wakasema namba tisa ni dhaifu. Weee, nilisimama, nikawaambia binti huyu namjua, amekulia ndani ya moshi wa wale samaki, mnataka ushahidi gani tena?

Mwenyekiti, afande mstaafu wa chuo cha kijeshi cha Kimaka asiyejua kucheka, akavua miwani.

"Binti yupi, mwalimu? Karatasi haina jina."

Akafungua bahasha ya majina palepale. Namba tisa ni ya mzee mmoja wa Tororo. Namba kumi na mbili ni ya Zaina, kumbe miezi yote ile alikuwa akipanda milima yetu na daftari lake. Afande akafuta alama zangu zote, na zilipobaki za wale wawili tu, Zaina akapita. Mimi ndiye niliyekuwa namzamisha.

Siku ya mkutano akanikumbatia mlangoni.

"Asante, mwalimu, najua ulinipigania. Ila kuna mmoja kaniandikia eti Mbale naisikia redioni. Unamjua?"

"Namjua," nikasema. "Ni mama mmoja mjinga sana, na ameapa hatapima tena karatasi ya mtu."

Akacheka. Mpaka leo sijamwambia.