Makorongo wa Bwawa Letu

Juzi sokoni Mafinga mama mmoja alifunua ndoo ya kambale wakavu. Ile harufu ikanikamata pua, ikaniburuta hadi Usangu, kwenye bwawa letu, nikiwa na miaka tisa.

Watu huniambia, "Kumbe umekulia Ihefu, kwenye maji ya Usangu! Viboko, ndege wa kila rangi, raha tupu!" Raha ipi, ndugu zangu? Kiangazi bwawa lilinywea likabaki uji wa matope na kinyesi cha kiboko, kambale wakilaliana humo kama soksi chafu. Ruba walininyonya damu ya kujaza debe. Lakini kinyaa chenyewe kilikuwa makorongo: kipara chenye ukurutu, mfuko wa ngozi unaning'inia shingoni, halafu wanajinyea miguuni mchana kweupe, bila haya! Wao wakimeza samaki waliooza, mimi natapika uji wa asubuhi.

Nikaapa hawatachangia maji na Nyota, ndama yatima niliyepewa na bibi nimlee. Nikachukua manati, nikawafukuza wiki nzima, hadi hakubaki hata mmoja. Nilijiona jemadari.

Kambale waliokufa wakabaki pembeni, wakavimba, wakapasuka. Nzi walikuwa wengi hadi jua likafifia. Nyota akanusa maji, akarudi nyuma. Kesho yake vilevile. Siku ya tatu alilala chini, macho yamezama, pua kavu kama gome.

Bibi akaja, akashika kiuno. "Kabula, wale ndege wako wapi?"

"Nimewafukuza, bibi. Wachafu wale."

"Ee! Umefukuza wafagiaji. Haya, mjukuu wangu, fagia wewe."

Akamnywesha Nyota kibuyu kimoja cha maji aliyoyafuata mtoni, mbali. "Kesho siendi tena," akasema.

Nikafagia kwa mikono. Samaki waliteleza kama makamasi, ngozi ikabaki kiganjani, funza wakanipanda hadi kiwikoni. Nilitapika mpaka nikaishiwa cha kutapika. Jioni korongo mmoja akatua karibu yangu, akameza samaki niliyeshindwa hata kumtazama. Nikamsogezea mwingine kwa mguu.

Asubuhi makorongo walikuwa wamejaa, na ukingo mweupe, hakuna mzoga hata mmoja. Nyota akanusa, akasita, akanywa.

Utotoni nilidhani mchafu ni yule anayeugusa uchafu. Nimekua, na makorongo bado wananichefua, sitawadanganya. Ila pale stendi, abiria wakiziba pua wazoa taka wanapopita, mimi pua yangu naiacha wazi. Nawasalimia.