Aliyeitika kwa Jina la Bi Rehema

Ile siku naikumbuka kwa harufu ya rangi mbichi, mwanangu. Nilikuwa afisa ustawi wa jamii, mgeni kazini, nikatumwa peke yangu Raskazone kukagua nyumba ya kulelea wazee, jengo kuukuu la enzi za Wajerumani.

Msimamizi alinipokea kwa dafu. Bibi kumi na wawili walikuwa wameketi ukumbini, kanga mpya za namna moja. Nikawaamkia, wakaitikia pamoja, kisha kimya. Vikongwe wale wote, na hapana anayekohoa wala kulalamikia mgongo. Kimya kingi kina mshindo mkuu, ila mimi nilikuwa bado sijajua kukisikiliza.

Nikafungua daftari, nikaita majina kumi na matatu. Nilipofika kwa Rehema binti Athumani, sauti nyembamba ikatoka nyuma ya nguzo: "Nipo." Sikuinua uso. Nikaandika: wote wapo, hali njema.

Mkuu wangu, Mzee Kilua, Mbondei mpole, aliisoma taarifa ile polepole.

"Huyu Bi Rehema ulimwona?"

"Nilimsikia, mzee."

"Basi umekagua sauti," akasema, akachukua kofia yake. Tukarudi saa ileile, bila kupiga simu.

Pembeni ya jiko tukakuta chumba kimefungwa kwa nje. Mzee Kilua akaamuru kifunguliwe. Bi Rehema alikuwa amelala juu ya godoro tupu, mguu umeoza kwa kidonda, macho maangavu. Akanitazama.

"Ndiwe wewe," akasema. "Nilikusikia ukiniita. Nikaitika. Nikasikia na mwingine akiitika."

Yule mwingine alikuwa mpishi, kaamriwa na msimamizi. Bi Rehema alikatwa mguu hospitalini, akapona. Halmashauri ikaifunga nyumba, wenzake wakahamishwa. Lakini mimi, hata leo nimestaafu, nikisikia mtu akiitika chumba cha pili huinuka nikaenda kumtazama.

Mwanangu, nawe juzi umepewa kazi hiyohiyo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na mkaguzi ndiye mgeni huyo. Usitie saini kwa usichokiona. Nenda bila kuwaarifu, zungumza na wazee msimamizi akiwa mbali, na ukiambiwa ufunguo umepotea, ngoja hapo hapo mpaka uonekane. Mola akupe jicho linalowaona waliofichwa, na siku zako za uzee azijaalie mikononi mwa wanaokupenda. Amin.